Njaa ya Wangwana katika Msitu wa Ituri

Tarehe 28 Juni 1887, msafara wa watu 389 uliondoka Yambuya, kijiji kilichokuwa kando ya mto Aruwimi katika Kongo, ukaingia katika msitu ambao hapana hata mmoja wa wasafiri hao aliyejua mwisho wake. Walio wengi walikuwa watu wa Unguja na wa mrima, waliojulikana barani kwa jina la Wangwana. Safari haikuwa jambo geni kwao. Baadhi yao walikwisha kuvuka nyika za Ugogo, kufika Unyamwezi na kuogelea katika maji ya Tanganyika. Walijua kiu, walijua homa, walijua uzito wa mzigo wa ratili 60 juu ya bega. Walakini siku zipatazo 160 zilipita kabla hawajatoka tena mahali palipo wazi, penye majani na jua, na wengi hawakutoka kamwe.

Habari ya safari hii imesimuliwa mara nyingi kama habari ya ushujaa wa mtu mmoja, Henry Morton Stanley. Imesimuliwa mara chache kama habari ya chakula. Lakini chakula ndicho kilichoamua nani aishi na nani afe, zaidi ya mishale na zaidi ya homa. Kwa hiyo swali lililo kubwa katika historia hii ni swali jepesi la kuuliza, ijapokuwa jibu lake si jepesi: je, Wangwana waliokufa Ituri waliuawa na msitu?

Asili ya safari yenyewe ilikuwa mbali na Ituri. Khartoum ilipoanguka mikononi mwa wafuasi wa Mahdi katika Januari 1885, jimbo la kusini kabisa la dola ya Misri katika Sudan, lililoitwa Ikweta, lilikatwa na ulimwengu. Liwali wake alikuwa Emin Pasha, mganga na mwanachuoni wa wanyama na ndege, mzaliwa wa Ujerumani aliyeitwa kwanza Eduard Schnitzer. Uingereza iliona haya kumwacha, na kamati ikaundwa chini ya William Mackinnon, tajiri wa meli, ili kumpelekea risasi na msaada. Njia iliyo fupi ilikuwa ile ya pwani ya mashariki. Lakini Stanley alikuwa bado mtumishi wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyekuwa ameitwaa Kongo kuwa milki yake mwenyewe, na Mfalme alitaka safari ipite katika milki hiyo. Basi wapagazi takriban 620 waliandikwa Unguja, wakapakiwa katika meli Madura tarehe 25 Februari 1887, wakazungushwa Rasi ya Tumaini Jema mpaka mlango wa mto Kongo, ili waanze kutembea kutoka magharibi. Watu waliokuwa wakazi wa pwani ya mashariki walisafiri baharini karibu nusu ya Afrika ili wapate kurudi kwao kwa miguu.

Katika meli hiyo hiyo alikuwamo Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye siku chache kabla ya safari alikubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold katika Maporomoko ya Stanley. Yeye aliahidi kutoa wapagazi wengine 600 wa kuchukua mizigo kutoka Yambuya. Msomaji wa Kiswahili anamjua kwa kitabu cha maisha yake alichokiandika mwenyewe kwa lugha hii. Ahadi ile ya wapagazi, pamoja na mapatano ya baruti yaliyoandamana nayo, ilizaa ugomvi ambao haukumalizika hata mahakamani. Na wakati wakubwa walipokuwa wakigombana juu ya neno, wadogo walikuwa wakizikwa.

Walipofika Yambuya katikati ya Juni, wenyeji hawakuwa tayari kuwapokea. Vyombo vya moshi vilipiga filimbi kwa kishindo, watu wa kijiji wakakimbilia msituni, na msafara ukashika nyumba na mashamba yao. Tendo hilo lilichukua muda mfupi sana, wala halikumwaga damu, na kwa sababu hiyo waandishi wengi hulipita upesi. Itaonekana mbele kwamba matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko vita.

Stanley aliugawa msafara sehemu mbili. Sehemu ya mbele aliiongoza mwenyewe, pamoja na maofisa Stairs, Jephson, Nelson na mganga Parke. Sehemu ya nyuma, yenye watu wapatao 270, iliachwa Yambuya chini ya Meja Barttelot, ingoje wapagazi wa Tippu Tip.

Sehemu ya mbele ilikutana na msitu wa miti mirefu ambayo matawi yake yalifumana juu hata mchana ukafanana na magharibi. Njia zilikatwa kwa mashoka na mapanga. Mvua ilinyesha karibu kila siku. Wapagazi walitembea miguu mitupu, na wenyeji waliochoka na wavamizi walipanda vijiti vilivyochongwa na kufunikwa kwa majani katika mapito. Tarehe 13 Agosti, mahali palipoitwa Avisibba, Luteni Stairs alichomwa mshale wenye sumu karibu na moyo. Yeye alipona, lakini baadhi ya Wangwana waliopata majeraha madogo kuliko lake walikufa siku za baadaye kwa pepopunda, taya zao zikiwa zimefungamana.

Baada ya mishale ikaja njaa. Katika kitabu kilichotolewa mwaka 1890, Stanley alitaja vitu walivyookota chini ya miti: matunda ya mwitu, uyoga, viwavi, konokono, mchwa. Jambo linalostahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha ni kwamba baadhi ya majina ya vyakula hivyo yamo katika kitabu hicho kwa Kiswahili. Yamo mafenesi, yamo mabungu, yamo makweme. Hayakuwa matunda ya Unguja. Wapagazi waliona tunda geni lililofanana kidogo na fenesi la nyumbani, wakaliita fenesi. Waliona mbegu kubwa iliyofanana na kweme, wakaiita kweme. Hiyo ndiyo kazi ya mtu mwenye njaa katika nchi ngeni: hutafuta kwanza neno, kisha hutia mdomoni. Mara nyingine neno husema kweli, na mara nyingine hudanganya.

Tarehe 6 Oktoba, Kapteni Nelson hakuweza tena kutembea kwa vidonda vya miguu. Aliachwa kando ya mto pamoja na wagonjwa na dhaifu 52, na shehena ya mizigo isiyochukulika, ili wangoje chakula. Jephson alipowarudia mwishoni mwa mwezi ule, waliosalia kambini walihesabika kwa vidole. Wengine walikufa papo hapo, na wengine walikwenda kutafuta chakula wasirudi. Mahali hapo pameingia katika vitabu kwa jina la Kambi ya Njaa.

Mpaka hapa yaweza kusemwa kwamba msitu ndio muuaji. Lakini ushahidi wa kwanza dhidi ya hukumu hiyo ulikuwa ukitembea katika msitu uo huo, kimya, bila ya kuonekana na wasafiri ila kwa nadra. Hao ni Wambuti. Watu hawa wafupi wa kimo waliwinda kwa nyavu zilizosokotwa kwa magome ya mitambaazi, na kwa mishale. Walichimba viazi vikuu vya mwitu. Walipanda miti mirefu kurina asali. Walijenga vibanda kwa fito na majani mapana kwa muda mfupi. Nyama na asali walizipeleka kwa wakulima wa vijiji, wakapata ndizi na vyuma. Walimjua mnyama mmoja afananaye na punda, na Stanley aliandika habari yake kama aliyoisikia kwao. Wanachuoni wa Ulaya hawakumtambua mnyama huyo mpaka mwaka 1901, alipopewa jina la okapi. Kwa hiyo mahali ambapo Mngwana aliona ukuta wa majani, Mbuti aliona ghala, soko na barabara.

Walakini haifai kupita mpaka katika sifa hizo. Kati ya miaka ya 1980 wataalamu wa elimu ya watu walianza kuuliza kama binadamu aliweza wakati wowote kuishi katika msitu mnene wa tropiki kwa kuwinda na kuokota tu, bila ya mazao ya mkulima. Mwaka 1987 Thomas Headland aliandika juu ya uchache wa viazi vya mwitu, na mwaka 1989 Robert Bailey na wenzake, ambao walifanya kazi Ituri, walitilia shaka jambo hilo kwa nguvu. Baadaye uchimbaji katika mapango ya Ituri ulionyesha kwamba watu walikaa huko maelfu ya miaka kabla ya kilimo. Mabishano hayo yanafundisha jambo moja lisilo na shaka: chakula cha msitu kipo, lakini kimetawanyika. Kinatosha watu wachache wanaohamahama na wanaojua majira. Hakitoshi mamia ya watu wanaofuatana katika mstari mmoja, wakiwa na mashua ya chuma iliyogawanywa vipande, bunduki ya Maxim na masanduku ya risasi, wasioweza kusimama kuwinda kwa sababu wana miadi na Pasha. Mpagazi mwenye ratili 60 begani hana mkono wa kurinia asali.

Hata hivyo wingi wa watu na uzito wa mizigo si sababu zote. Ushahidi wa pili ni Ibwiri. Katika Novemba 1887, watu wa mbele waliotoka Ipoto wakiwa mifupa mitupu walifika katika vijiji vya Ibwiri, wakakuta migomba, mahindi na kuku. Walipumzika hapo karibu wiki mbili, wakanona. Msitu ulikuwa ni ule ule. Mvua ilikuwa ni ile ile. Wasafiri walikuwa ni wale wale. Tofauti ilikuwa moja. Nchi waliyotoka ilikuwa imekwisha kupitiwa na watu wa Ugarrowwa na wa Kilongalonga, wafanyabiashara wa pembe ambao wafuasi wao walichoma vijiji, wakateka wanawake na watoto na kuwauza kwa jamaa zao kwa pembe za ndovu. Ibwiri ilikuwa bado haijafikiwa. Mpaka wa njaa ulikuwa ndio mpaka wa uharibifu. Stanley mwenyewe aliuona mpaka huo, akauandika.

Jambo hilo lina uchungu wake. Hao walioharibu nchi walikuwa wakisema Kiswahili, na wakubwa wao walitoka katika biashara iliyoanzia pwani. Pale Ipoto, kituo cha Kilongalonga, Mngwana mwenye njaa aliomba chakula kwa lugha yake mwenyewe kwa watu waliomfahamu vema, na hakupewa bure. Wengi waliuza nguo na bunduki kwa suke la mahindi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na hapa waliosema lugha moja hawakujuana. Basi haiwezi kudaiwa kwamba watu wa pwani walikuwa wahanga tu katika habari hii. Mpagazi alikufa kwa njaa iliyopandwa na ndugu zake.

Ushahidi wa tatu ndio mzito kuliko yote, nao ni Yambuya. Sehemu ya nyuma haikutembea. Haikuvuka mito, haikukata njia. Ilikaa mahali pamoja karibu mwaka mzima, ndani ya boma, kati ya mashamba ya muhogo. Kama msitu ungalikuwa ndio adui, hao ndio waliostahili kupona. Stanley alipowarudia Banalya tarehe 17 Agosti 1888, zaidi ya nusu yao walikuwa hawapo. Meja Barttelot alikuwa ameuawa kwa risasi mwezi mmoja kabla. Maofisa wengine walikuwa wameondoka, na Jameson alikufa kwa homa huko Bangala siku ile ile. Aliyebaki na kundi alikuwa William Bonny peke yake.

Waandishi wengi wamejaza kurasa juu ya tabia ya Meja: viboko alivyoamuru, hasira yake, chuki yake juu ya watu wake. Mambo hayo ni kweli na ni mabaya. Lakini sababu moja kubwa ya vifo ilikuwa ndani ya chungu. Muhogo wa Yambuya ulikuwa muhogo mchungu. Katika mmea huo imo sumu iitwayo sianidi, iliyofungamana na sukari. Kiazi kikikwanguliwa au kikilowekwa, kifungo hicho hukatika na sumu hutoka, ikaenda na maji au hewa. Kwa hiyo mwenyeji wa Kongo humenya, hulowea kwa siku tatu au nne mpaka muhogo ulainike, huanika, kisha hutwanga. Mtu wa Unguja alizoea muhogo mtamu, ambao huliwa umechemshwa au kuchomwa, na hata mbichi shambani. Aliona muhogo, akauita muhogo, akaula kama alivyoula kwao. Neno lilikuwa sahihi, na bado lilidanganya.

Wala ujinga huo si wa kuchekwa. Mwili wa mtu anayekula nyama, samaki au kunde unaweza kuishinda sumu kidogo, maana vyakula hivyo huupa kiberiti cha kuibadili. Asiyepata ila muhogo hana silaha hiyo. Hata watu waliozaliwa na muhogo mchungu hudhurika vita au ukame vinapowanyima muda wa kulowea. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula la Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu kwa sababu hiyo wakati wa ukame. Maradhi hayo yanaitwa konzo, neno la Kiyaka cha Kongo. Kwa hiyo wapagazi wa Yambuya hawakukosa akili. Walikosa mwalimu.

Na mwalimu alikuwako. Alikuwa mwanamke wa Yambuya, ambaye kulowea muhogo ilikuwa kazi yake ya kila wiki tangu utoto. Lakini mwanamke huyo alifukuzwa nyumbani kwake kwa filimbi ya chombo cha moshi. Baadaye maofisa wa kambi walituma watu kukamata wanawake, wakawafunga mpaka jamaa zao walete samaki na kuku kuwa fidia. Mtu aliyejua siri ya chakula alikaa hatua chache kutoka kwa mtu aliyekuwa akifa kwa kutoijua, na kati yao palikuwa na kamba. Hapana mateka anayemfundisha mtekaji kupika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema wahenga. Yambuya mgeni alikuja kwa namna ambayo hakupona mwenyeji wala mgeni.

Kuna mfano wa kinyume, nao watokana na safari iyo hiyo. Katika Januari 1888 Wangwana walijenga ngome karibu na Ibwiri, ikaitwa Ngome ya Bodo. Wakiwa chini ya Stairs, aliyekwisha kupona, walilima mashamba ya mahindi na maharagwe, wakatunza migomba iliyokuwako, wakalinda mazao dhidi ya tembo usiku. Askari wa ngome walikuwa kama 60, na baada ya miezi mingi walio wengi sana walikuwa hai. Hawakuwa watu wa damu nyingine. Waliweka chini mzigo, wakashika jembe.

Emin Pasha alionana na Stanley tarehe 29 Aprili 1888 kando ya ziwa Albert, akiwa amevaa nguo safi na mwenye afya kuliko waliokuja kumwokoa. Msafara uliingia Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Jioni ile palikuwa na karamu, na Pasha, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, alianguka kutoka ghorofani akaumia vibaya. Ajali hiyo ilijaza magazeti ya Ulaya. Hesabu ya pili haikuyajaza: kati ya Wangwana 620 walioondoka Unguja, 225 tu ndio waliorudi.

Hatima yao haina kitabu. Majina machache yamehifadhiwa, kama la Uledi, nahodha wa mashua, aliyekwisha kusafiri na Stanley tangu safari ya mwaka 1874, na ambaye mara nyingi aliwaokoa watu majini. Wengine ni tarakimu katika orodha ya mishahara. Wala hapana mmoja wao aliyeandika, kama alivyoandika Tippu Tip, jinsi msitu ulivyoonekana kwa macho ya mtu anayechukua sanduku la risasi ambazo si zake, kumpelekea mtu asiyemjua, kwa njia iliyochaguliwa na mfalme asiyemwona.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili. Msitu wa Ituri haukuwa mahali pasipo watu. Ulikuwa makao ya watu ambao elimu yao ya kuishi ilitosha. Hakuna aliyeingia mle akaishi kwa nguvu zake peke yake, hata Mbuti, aliyehitaji nyavu za wenzake na ndizi za mkulima. Wangwana walikufa pale ambapo uhusiano na wenyeji ulivunjwa kabla hawajafika, au walipouvunja wao walipofika. Walipona pale walipokuta vijiji vizima, au walipopewa nafasi ya kulima.

Masalio ya kupita kwao yamo katika masikio ya mtu yeyote afikaye Ituri leo. Lugha iliyoletwa na misafara ya pembe, ambayo watu wa huko waliiita Kingwana, imebaki baada ya bunduki na baruti kwisha. Mkulima wa migomba na Mbuti mwenye nyavu wanaweza kupatana bei ya nyama ya mboloko kwa Kiswahili. Mwaka 1887 lugha hiyo ilijua kuomba chakula Ipoto, nayo haikujua kuuliza Yambuya jinsi ya kukipika.